Laini ya Tatu

SEHEMU YA TISA

Wiki iliyopita tulimwacha Mkasi amesimama katikati ya chumba cha cherehani, kisanduku cha waifai mkononi, taa nyekundu ikimkodolea macho, na saa ya ukutani ikisema saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Tumewaweka roho juu siku saba nzima, mtusamehe. Yeye mwenyewe hajasogea hata hatua moja.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani, mambo ni haya. Saa kumi kamili Mkasi anafanyiwa usaili kwa video na kiwanda cha sare kinachotafuta mkataji mkuu. Waombaji walikuwa zaidi ya mia. Wamebaki wawili, na mmoja wao ni huyu huyu. Barua ya kiwanda haikumung'unya maneno: asiyeonekana kwenye kioo saa kumi, amejitoa. Akikatika katikati, atasubiriwa dakika tano, basi. Uamuzi ni leo leo.

Simu ya sauti haimsaidii kitu. Mkasi hasikii tangu akiwa na miaka mitatu. Anaongea kwa mikono, na mikono haipiti kwenye waya wa sauti. (Na ninyi mnaotuandikia barua kuuliza mbona kiziwi wetu ana maneno mengi hivyo: yanayosemwa kwa mikono tunayaandika kama yanayosemwa kwa mdomo. Mkimwona akibishana, mtakubali kwamba tumempunguzia.)

Simu yake kubwa ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, na tangu siku hiyo haisomi laini ya mtu yeyote. Inanasa waifai tu. Ndiyo sababu alinunua kile kisanduku. Unakitia laini ya simu, nacho kinagawa intaneti chumba kizima. Laini iliyomo ni ya mtandao wa Tausi. Na mnara wa Tausi, tangu asubuhi, umelala fofofo.

Mkasi akapiga meza kwa kiganja. Ndivyo anavyoita watu. Shangazi, mwenye chumba, huelewana naye kwa kusomwa mdomo na kwa ishara za nyumbani walizojitungia wawili; lugha ya ishara yenyewe haijui.

Shangazi akainua uso kutoka kwenye cherehani, pini tatu mdomoni. "Tausi bado?"

"Bado."

Shangazi akazitema pini, akachomoa kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, kwenye sidiria. "Basi tia yangu. Mimi niko mtandao wa Nyuki, na Nyuki hajafa. Sasa hivi nimetoka kugombana na mteja."

Akabonyeza vitufe kwa kidole gumba, akanunua kifurushi kidogo cha intaneti, akafungua mgongo wa kitochi na kuitoa laini. Lo! Laini ilikuwa ya ukubwa wa zamani, na tundu la kisanduku lilikuwa dogo, la laini za siku hizi.

Saa kumi kasoro dakika kumi.

Sasa sikilizeni. Katika chumba kile kuna amri moja tu, imeandikwa kwa chaki juu ya mlango: MKASI WA KITAMBAA HAUKATI KITU KINGINE. Shangazi aliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa kuukatia pakiti ya biskuti. Hata posta ikileta bahasha, Shangazi huifungua kwa meno.

Mwanamke huyo huyo akautwaa mkasi wa kitambaa, akaishika laini kwa ncha za kucha, akaikata pande zote nne.

Mkasi alibaki mdomo wazi. Alijua anapendwa, ila hakujua ni kiasi hicho.

"Sukuma," alisema Shangazi.

Laini ikaingia nusu, ikagoma. Shangazi akaisukuma kwa kastabini ya kushonea. Ikazama yote, na kioo kidogo cha kisanduku kikaandika: LAINI HAISOMEKI. Mkasi alijaribu kuitoa kwa ukucha, kwa sindano, kwa pini. Ilikuwa imekwama.

"Sasa aitwe Fundi," Shangazi akasema.

"Afadhali niikose kazi."

"Utaikosa kweli," Shangazi akajibu, na tayari alikuwa nje, futikamba ikipepea shingoni.

Mnamkumbuka Fundi. Fundi wa simu, duka la ng'ambo ya barabara, ndiye aliyemuuzia Mkasi kisanduku na kumwapia kwamba kinakubali laini zote. Ndiye pia aliyemvisha pete. Miezi minne iliyopita mama yake Fundi, anayekaa ghorofa ya juu ya chumba hiki cha cherehani na ambaye jengo zima linamwita Mama Spika kwa ukubwa wa sauti yake, alikaa kwenye kochi la Shangazi na kusema maneno ambayo Mkasi aliyasoma mdomoni mwa mama huyo: "Nyumbani kwangu sitaki mtu wa kuongea kwa mikono." Fundi, mwenye masikio mawili na ulimi mzima, akatazama zulia. Hakusema hata neno. Mkasi akaivua pete siku ile ile. Tangu hapo, wakikutana kwenye ngazi, kila mmoja hukagua viatu vyake.

Mlango ukafunguka. Fundi akaingia anahema, kibano mkono wa kulia, bisibisi mkono wa kushoto, na Shangazi nyuma yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Si tumekuja wote? Kaa chini ufanye kazi!"

Saa kumi kasoro dakika nane.

"Hebu washa hotispoti ya simu yako, tumalize," Mkasi akamwambia.

Fundi akaona haya. "Simu yangu nimeifungua tangu jana. Skrubu ziko kwenye kifuniko cha soda."

"Na zile za dukani?"

"Kama zingekuwa nzima, zisingekuwa dukani."

Mganga hajigangi. Fundi akakigeuza kisanduku chali na kuingiza kibano. Halafu akakiweka kibano mezani ili apate mikono ya kusemea. "Mkasi, siku ile mimi..."

"Mikono kazini!"

Akakishika kibano. Akavuta. Akakiweka tena. "Nilitaka tu kukwambia kwamba..."

"Fundi! Mikono!"

Mnaona balaa la mtu huyu. Akitengeneza hawezi kuomba msamaha, na akiomba msamaha hawezi kutengeneza. Mkasi alichagua atengeneze. Lakini macho yake yalikuwa yanatazama vidole vile kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, nasi hatutamsemea.

Laini ikatoka. Fundi akaiinua kwenye mwanga, akakunja uso.

"Nani kakata hii?"

"Mimi," alisema Shangazi kwa fahari. "Kuna ubaya gani?"

"Umeacha ukingo pande zote."

"Si nafasi ya mshono? Kitu kikibana, unakiachia. Kitu usichokiachia nafasi utakiachiaje?"

Fundi akacheka mpaka akainama. Miaka arobaini ya cherehani, na mama wa watu anaikatia laini ya simu kama anayekata sketi! Akaupunguza ule ukingo kwa tupa yake ndogo ya chuma, akaisugua laini kwenye suruali, akaitia. Ikaingia taratibu, ikakaa.

Taa ikawa ya njano. Kioo kikaandika NYUKI.

"Mbona bado intaneti hakuna?" Mkasi akauliza. "Uliniapia kinakubali laini zote. Kilikuwa kimefungwa, si ndiyo?"

"Kilikuwa kimefungwa kwa Tausi, na nikakifungua mimi, kwa kazi ya siku tatu, kabla hujakigusa. Tatizo siyo kufuli. Kila mtandao una mlango wake wa kuingilia intaneti, na mlango una jina. Hiki bado kinabisha hodi kwa Tausi."

Akachukua simu ya Mkasi, akafungua ukurasa wa kisanduku, akafuta jina la mlango wa Tausi, akaandika la Nyuki.

Taa ikawa kijani.

Saa kumi kasoro dakika mbili! Shangazi akamfunga Mkasi kilemba upya, akaiegemeza simu kwenye cherehani, akamsukuma Fundi pembeni asionekane. Kioo kikawaka. Upande mmoja akatokea bosi wa kiwanda, mwanamke mwenye miwani minene. Kwenye kijisanduku cha pembeni akatokea mkalimani wa ishara, kijana wa shati jeusi.

"Habari za mchana," ikasema mikono ya mkalimani. "Tuanze."

Ndugu zangu, Mkasi alikuwa amezaliwa kwa ajili ya saa ile. Aliulizwa jinsi ya kupanga mashati arobaini kwenye jora moja bila kupoteza kitambaa. Akachukua chaki, akachora mezani, akaeleza mikono ikienda kwa kasi. Bosi akavua miwani. Akaivaa tena. Akasogelea kioo.

"Na kwapa?" akauliza. "Kwapa unalikata vipi ili..."

Mkalimani akaganda, kiganja hewani, kama askari wa barabarani. Bosi akaganda, mdomo nusu wazi.

Mkasi akapiga meza. Fundi akaruka, akaufungua ule ukurasa wa kisanduku. Kuna sehemu inayoonyesha simu zote zinazotumia intaneti ya humo. Zilikuwa mbili. Ya kwanza: MKASI. Ya pili: MAMA YANGU.

Fundi akageuka rangi. Jina lile alilibandika yeye mwenyewe siku alipomnunulia mama yake simu.

Mkasi akatazama dari. Yule aliyeapa kwamba hataki mtu wa mikono nyumbani kwake, kwa miezi minne alikuwa ameketi hapo juu anakula intaneti yake, na leo, tangu asubuhi, alikuwa akisubiri irudi amalizie tamthilia.

"Ulimpa neno la siri?"

"Enzi za uchumba," Fundi akasema. "Kwani hukulibadilisha?"

Mkasi akarudisha macho kwenye kioo kilichoganda. Alikuwa amejaribu kulibadilisha mara mbili, na mara mbili akaliacha. Neno lile lilikuwa tarehe ya siku ya pete. Hilo hakutaka mtu alijue, hasa huyu.

Fundi akabonyeza ONDOA. Mama akaondoka. Lakini lo, amechelewa! Kisanduku kikaandika: KIFURUSHI CHAKO KIMEKWISHA.

"Shangazi, ongeza kingine!"

"Kwa kitochi kipi?" Shangazi akaonyesha mgongo wa kitochi. "Laini mmeshaifanya punje, humu itaelea. Nikimbilie vocha dukani?"

Duka liko mwisho wa barabara. Dakika tano za barua zilikuwa zimeanza kuhesabika. Shangazi alikuwa ametia mguu mmoja kwenye ndala pale Mkasi alipoona kopo la pini likitetemeka mezani. Likatetemeka tena, kwa nguvu zaidi. Mtu alikuwa anashuka ngazi, na alikuwa anashuka kwa hasira.

Mlango ukapigwa teke.

"Nani kakata intaneti?" alinguruma Mama Spika, khanga imefungwa kifuani, simu mkononi. "Mume ndiyo kwanza anafungua mlango! Ndiyo kwanza anamkuta!"

Akamwona mwanawe. Akamwona Mkasi. Akaona kile kisanduku kati yao. Hapo akagundua alichokisema, na mbele ya nani.

Kimya kiliingia hata Mkasi akakiona.

Fundi akasimama. Akakiweka kibano chini, na safari hii hakuna aliyemkataza. Akasema kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, ili pande zote mbili zimwelewe.

"Mama, siku ile nilinyamaza. Nimejuta miezi minne. Leo sinyamazi. Huyu yuko kwenye usaili wa maisha yake, na kilichomkatisha ni tamthilia yako. Laini yako ni ya mtandao gani?"

"Kipepeo," Mama akajibu, na sauti kwa mara ya kwanza ilikuwa ya chumba kimoja tu.

"Ina kifurushi?"

"Cha mwezi mzima. Sijakigusa."

"Kwa nini hujakigusa?"

Mama akatazama zulia. Zulia lile limeona mengi.

"Mla cha mwenzie na chake huliwa," alisema Shangazi taratibu, akiokota pini.

Mkasi akamkabili yule mama. Moyo ulikuwa unampiga, hasira na aibu na haja vikigombania mlango mmoja. Akasema kwa mikono, polepole: "Mama, hunipendi, na sikulazimishi. Nakuomba dakika ishirini za laini yako. Yule mume atafungua mlango hata kesho."

Fundi akaanza kutafsiri. Alikuwa hajafika katikati, na Mama alikuwa ameshachokoa tundu la simu yake kwa hereni, laini iko nje, mkono umenyooshwa. Mkasi aliliona hilo. Alilishangaa. Lakini dakika zilikuwa mbili, akaliweka kando.

"Si tuwashe hotispoti ya simu yake?" Shangazi akauliza.

"Asilimia mbili," alisema Mama. "Jana nilitazama usiku kucha, sijachaji."

Fundi akaitia laini ya tatu kwenye kisanduku. Akafuta mlango wa Nyuki, akaandika wa Kipepeo. Njano. Njano. Kijani, lakini kwa mstari mmoja tu wa mawimbi. Mnara wa Kipepeo uko nyuma ya jengo.

"Kipandisheni juu, dirishani!"

Fundi ni mfupi, tumsitiri hapo. Shangazi ana magoti. Mama Spika akakipokonya kisanduku, akapanda kwenye stuli, akaunyoosha mkono mpaka juu kabisa ya dirisha. Mistari mitatu.

Kioo kikafunguka zikiwa zimebaki sekunde ishirini.

"Tulidhani umejitoa," ikasema mikono ya mkalimani.

"Mimi? Tulikuwa kwenye kwapa."

Bosi akacheka. Wakaendelea. Kwapa likapita, kola ikapita, mifuko ikapita. Mkasi alianza kuhisi kiti cha mkataji mkuu kikipata joto. Na hapo, pasipo hodi wala salamu, kile kijisanduku cha mkalimani kikawa cheusi.

Bosi akasema kitu. Picha ilikuwa ndogo, miwani inang'aa, mdomo unakatika katika, na Mkasi hakuambulia hata silabi. Bosi akaandika kwenye karatasi, akaiinua: MKALIMANI YUKO KWAKE. ANATUMIA TAUSI. IMEKATIKA SASA HIVI. POLE SANA.

Tausi tena! Ama kweli siku ya nyani kufa miti yote huteleza.

Fundi akajitosa mbele ya kioo. "Mimi nitatafsiri!" Bosi akauliza swali. Fundi akainua mikono, akaishusha, akaiinua. Ishara alizojua vizuri zilikuwa za nyumbani na za duka la simu: samahani, chaji, chai, nakupenda. Kwa "mshono wa begani" hakuwa na mkono. Jasho likamtoka.

Bosi akatazama saa. Mwombaji mwingine alikuwa anasubiri. Akainua kidole kuelekea kitufe cha kufungia.

 Miaka kumi na mbili Mkasi amekata nguo nyuma ya pazia, wateja wakimsifu Shangazi kwa kazi yake, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuamini kwamba kiziwi anaweza kuchukua vipimo. Mara hii tu alikuwa ameulizwa yeye.

Hapo akaona kitu kikicheza dirishani.

Ulikuwa mkono wa Mama Spika. Ule wa kushoto, uliokuwa huru. Ulikuwa unasema.

"Anauliza," mkono ulisema, "kitambaa kikipungua nusu mita kwenye shati la mwisho, utafanyaje?"

Mkasi akatazama mkono. Akatazama uso. Akatazama mkono tena. Haikuwa kubahatisha, wala ishara za kuonyeshea mboga sokoni. Ulikuwa mkono wa mtu aliyesema lugha hiyo miaka mingi, mwepesi, safi, hata koma zimo.

"Usinikodolee macho," ukaongeza mkono. "Jibu. Mtu ana kidole kwenye kitufe."

Mkasi akajibu. Na Mama Spika, juu ya stuli, mkono mmoja dirishani, akayatoa maneno ya Mkasi kwa sauti ile iliyokuwa kero ya jengo zima. Haikuhitaji kusogelea simu. Kule kiwandani, bosi alionekana akijivuta nyuma kidogo kwenye kiti, kisha akashusha kidole.

Shangazi alikuwa ameketi sakafuni bila kujua amefikaje pale. Fundi akamkaribia mama yake kama anayetembea usingizini, akapanda ukingo wa meza, akakipokea kisanduku na kukiinua. Sasa Mama ana mikono miwili. Tena ndipo palipokuwa na maneno!

"Swali la mwisho," Mama akatafsiri. "Kosa gani la kazini lilikufunza kuliko yote?"

Mkasi akafikiri. Akamtazama yule mama usoni, kwa kuwa huwezi kuongea kwa mikono huku unatazama pembeni.

"Nilimkatia mwanamke gauni la kumbana sawasawa," akasema. "Sikuacha nafasi ya mshono, niliona ni upotevu wa kitambaa. Baada ya mwaka akanenepa, gauni halina pa kuachia, likatupwa. Shangazi akaniambia, watu hubadilika, na nguo isiyowaachia nafasi huwapoteza. Tangu siku hiyo kila mtu namwachia nafasi. Hata niliyemkasirikia."

Mama Spika alianza kutafsiri vizuri. Alipofika "watu hubadilika," akakwama.   Akajaribu tena, akaisema sentensi ya mwisho hadi mwisho, machozi yakimtiririka mpaka kwenye khanga, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kazini.

 Bosi akachukua karatasi, akaandika, akaiinua kwa mikono miwili.

KARIBU KAZINI, MKATAJI MKUU. JUMATATU.

Kioo kikazimika. Shangazi akainuka kwa magoti yale yale mabovu, akaizungusha futikamba hewani, akamkumbatia Mkasi, akamkumbatia Fundi, akaukumbatia na mkasi wa kitambaa. Fundi alikuwa anacheka na kulia, kisanduku bado kakiinua kama vile bosi atarudi. Mkasi alisoma karatasi ile kichwani mara tatu. Mkuu. Yeye! Furaha ilimjaa pomoni.

Lakini macho yake hayakubanduka kwa yule mama.

Mama Spika alikuwa ameshuka kwenye stuli, anatafuta ndala zake kwa mguu, anataka kutoroka juu kabla hajaulizwa. Mkasi akamzibia mlango.

"Ulisema hutaki mtu wa kuongea kwa mikono nyumbani kwako."

"Nilisema."

"Na wewe mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Ulijifunza wapi?"

Mama akatazama mlango. Akamtazama mwanawe. Kisha jambo likatokea ambalo halijawahi kutokea katika jengo lile: Mama Spika akaongea ya kwake mwenyewe bila sauti yoyote. Shangazi aliona tu vidole vikicheza, hakuelewa. Mkasi alielewa. Na Fundi, kwa ishara zake haba, safari hii alielewa kila neno.

"Kwa mtoto wangu wa kwanza."

Kisanduku kikamponyoka Fundi, kikagonga sakafu, taa ikawa nyekundu.

"Mtoto wako wa kwanza ni mimi," alisema kwa mdomo. "Wa kwanza na wa mwisho. Umeniambia hivyo maisha yangu yote."

Mama akatikisa kichwa. Akainua mikono mara moja zaidi, taratibu, ili mwanawe asikose hata ishara moja.

"Wewe ni wa pili. Na dada yako yuko hai."